Siku ya kwanza ya mwaka wa utamaduni: anza na watu watakavyorudi nyumbani

Msomaji anauliza: "Mji wetu umechaguliwa kuwa mwenyeji wa mwaka mzima wa shughuli za utamaduni, na mimi ndiye mratibu wa siku ya ufunguzi. Imebaki miezi kumi. Kamati imegawanyika: wengine wanataka msanii mkubwa na fataki, wengine wanataka maandamano ya vikundi vya mitaani, na watu wa itifaki wameshaleta orodha ya wazungumzaji tisa. Tunatarajia watu kama 30,000 kwenye uwanja wa katikati ya mji. Nianzie wapi?"

Anzia mwisho, ndugu mratibu. Kabla hujampigia simu msanii yeyote, tandaza ramani ya uwanja mezani ujiulize: taa za jukwaa zikizimwa usiku, watu hawa 30,000 watatokea wapi, watatumia dakika ngapi, na wataondoka na nini kitakachowarudisha wiki ijayo? Kamati nyingi nilizokaa nazo huanza na nani apande jukwaani. Milango hujadiliwa dakika kumi za mwisho wa kikao, watu wameshakunja makaratasi yao. Ukipindua utaratibu huo, nusu ya mnayobishania itajimaliza yenyewe.

Nikwambie kwa nini nang'ang'ania milango. Mwaka 2010 eneo la Ruhr nchini Ujerumani, miji 53 ikiongozwa na Essen, lilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya. (Heshima hiyo ilianza na Athens mwaka 1985, kwa wazo la Melina Mercouri aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki, nchi za Kiarabu nazo zikaanza na yao Cairo mwaka 1996.) Tarehe 18 Julai barabara kuu ya A40 ilifungwa kwa kilomita 60 hivi. Upande mmoja zikapangwa meza 20,000, upande wa pili wakaachiwa waendesha baiskeli. Walikuja watu wapatao milioni 3, wakala, wakapiga gumzo, wakarudi makwao. Siku sita baadaye, katika ukanda huohuo, mji wa Duisburg ulipokea tamasha la muziki la Love Parade, moja ya matukio yaliyokuwa kwenye kalenda ya mwaka ule. Uwanja ulikuwa stesheni ya zamani ya mizigo, umezungushiwa uzio, na waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakitoka walipishana kwenye mahandaki na mteremko uleule mmoja. Watu 21 walikufa na mamia wakaumia. Umati wa Duisburg ulikuwa mdogo sana kuliko ule wa barabarani. Kilichoua ni umbo la mahali.

Kiswahili chetu kinasema "mkanyagano", na neno hilo linatudanganya kidogo. Wengi wanaokufa kwenye misongamano hawakanyagwi. Wanakufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa kiasi kwamba hakipanuki kuvuta pumzi. Watu wakifika watano au sita katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayeamua aende wapi. Umati unaanza kuyumba kama maji kwenye beseni, na wa nyuma wanaosukuma hawaoni kabisa kinachotokea mbele. Kwa hiyo kuwaambia watu "msisukumane" kwenye kipaza sauti hakusaidii kitu wakati huo. Kinachosaidia kilipaswa kufanyika miezi minane nyuma, kwa futi kamba.

Hesabu yake si ngumu. Kwa sherehe ya familia, yenye watoto na wazee, mimi hupanga watu wawili kwa mita moja ya mraba. Watu 30,000 wanahitaji mita za mraba 15,000. Hizo ni zile zinazotumika kweli: toa jukwaa, toa mahema, toa njia ya gari la wagonjwa, toa kona zote ambazo mtu hawezi kuona kinachoendelea, kwa sababu watu wa kona hizo watasogea mbele watake wasitake. Kisha njia za kutokea. Kipimo kinachotumika kwenye viwanja vya michezo vya Uingereza ni watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana, kwenye njia tambarare. Ukiwa na njia nne za mita sita kila moja, una mita 24, yaani watu karibu 2,000 kwa dakika. Uwanja unakwisha kwa dakika kumi na tano hivi. Sasa chukulia usiku wa tukio njia moja imezibwa na wauza vyakula na nyingine imeegeshwa magari ya wageni waalikwa. Zimebaki mita 12, na muda umekuwa nusu saa. Watu hawana subira ya nusu saa wakiwa gizani na watoto mabegani. Kama kuna ngazi au kona kali, muda unarefuka zaidi. Nimeshaona mara mbili ramani safi ikiharibiwa na magari ya waheshimiwa, kwa hiyo siku hizi namwomba mkuu wa itifaki atie sahihi yake kwenye ramani ya magari, mbele ya zimamoto na polisi.

Ukishaielewa milango utaona kuwa ubishi wa msanii mkubwa na fataki ni suala la saa kuliko la ladha. Fataki ni kengele ya kwenda nyumbani. Cheche ya mwisho ikizimika watu wote wanageuza migongo kwa dakika moja. Msanii mkubwa akiwa wa mwisho matokeo ni yaleyale. Ukitaka kuwa navyo vyote viwili, viweke kabla ya mwisho. Msanii amalize, kisha muziki uendelee kwa sauti ya chini dakika arobaini, taa za uwanja ziwashwe, na mitaa ya pembeni iwe na vikundi vidogo vinavyopiga. Wenye watoto wataondoka kwanza, vijana watabaki, na uwanja utapungua polepole kama chai inavyopoa. Msanii mwenyewe anaweza kulalamika kwamba amewekwa katikati. Mweleze, wengi wanaelewa.

Lakini kwa swali la kama umwite au umwache, nina upande wangu na sitauficha. Ningewapa uzito vikundi vya mitaani. Mcheza kwao hutunzwa, na siku ya ufunguzi ndiyo siku ambayo mji unaamua kama mwaka huu ni wake au ni wa watu wa ofisini. Matera, mji mdogo wa kusini mwa Italia uliopewa heshima ileile ya Ulaya, ulifungua mwaka wake tarehe 19 Januari 2019 kwa bendi za matarumbeta 54, wanamuziki wapatao 2,000, zikitoka mkoa wao na sehemu nyingine za Ulaya. Zilianza kwa kutawanyika mitaani, kwenye makazi ya kawaida ambako watalii hawafiki, kabla ya kuteremkia mji wa kale. Marseille, tarehe 12 Januari 2013, waliwaambia watu wote wapige kelele saa moja jioni kwa pamoja: honi, sufuria, koo, chochote. Lille, Desemba 2003, waliwaomba watu waje wamevaa nyeupe, na mamia ya maelfu wakaja. Angalia jinsi maagizo hayo yalivyo mepesi. Mtu asiyejua kuimba wala kucheza ana kazi ya kufanya, na kesho yake anasimulia alichofanya yeye badala ya alichofanya fulani jukwaani. Shughuli ni watu.

Tahadhari moja: vikundi vya mitaani havimaanishi vikundi visivyolipwa. Kamati zina mazoea ya kumlipa msanii wa mbali fedha taslimu na kumlipa wa nyumbani "nafasi ya kujulikana". Lipa mazoezi, lipa usafiri wa ngoma na mavazi, lipa chakula. Na anzeni mapema, maana kikundi cha watu 60 ambacho hakijawahi kucheza kikitembea kinahitaji miezi, si wiki. Kucheza umesimama na kucheza ukitembea kilomita mbili ni kazi mbili tofauti, waulize wapiga tarumbeta.

Kuhusu fedha na ukubwa, nakuonya kwa methali uliyoisikia utotoni: ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Ufunguzi ni siku ya kwanza kati ya siku 365. Ukimaliza hamu na bajeti siku hiyo, Machi itakuwa na ukumbi mtupu. Binafsi naanza kukosa usingizi nikiona ufunguzi unakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya fedha za mwaka. Liverpool mwaka 2008 walianza Januari 11 kwa tamasha la bure barabarani, Ringo Starr, mpiga ngoma wa The Beatles, akipiga juu ya paa la St George's Hall, saa 20:08 kamili ili ifanane na mwaka. (Kwa saa zetu ni saa mbili na dakika nane usiku, utani wote unapotea.) Ilikuwa siku nzuri. Lakini ukiwauliza wakazi wanachokumbuka, wengi watakutajia buibui mkubwa wa mitambo wa kampuni ya Kifaransa ya La Machine aliyetembea barabarani Septemba ya mwaka huo. Waliacha nguvu kwa ajili ya Septemba.

Hull, mji mwingine wa Uingereza, ulifanya kitu ambacho ningekushauri ukifikirie sana. Mwaka 2017, ulipokuwa mji wa utamaduni wa nchi hiyo, ulikuwa na fataki Januari 1, lakini ufunguzi wenyewe uliendelea wiki nzima: picha na sauti za historia ya mji zilirushwa juu ya kuta za majengo ya katikati, kila jioni, kuanzia mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia hadi maisha ya sasa. Mji una wakazi wapatao 260,000. Ziara zilizohesabiwa wiki ile zilipita 300,000. Aliyekosa Jumapili alikuja Jumatano. Aliyeona Jumatatu alimleta mama yake Alhamisi. Umati umegawanyika bila mtu kuuzuia, na mvua ya siku moja haiharibu mwaka. Kama kamati yako haijajifunga kwenye siku moja tu, pelekeni pendekezo hilo kabla ya mabango kuchapwa.

Na mvua, ama upepo, ndiyo sehemu nitakayokaa nayo kidogo, kwa sababu hapo ndipo waratibu huponzwa na matumaini. Galway, Ireland, ilikuwa imepanga sherehe kubwa ya ufunguzi wa mwaka wake tarehe 8 Februari 2020, nje, usiku. Dhoruba ya Ciara ikaja na sherehe ikafutwa siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata corona ikafunga kila kitu, kwa hiyo hata nafasi ya kufidia ikapotea. Siwacheki, kufuta ulikuwa uamuzi sahihi. Essen, Januari 9, 2010, wao walifungua kwenye mgodi wa zamani wa makaa wa Zollverein huku theluji ikidondoka kwa wingi, na ufunguzi ukaendelea, watu wakijikunyata kwenye makoti. Theluji inavumilika. Upepo hauvumiliki, maana unashika kila ulichokisimamisha: paa la jukwaa, skrini, mabango, mahema, maputo.

Kwa hiyo andika matoleo matatu ya siku hiyo. La kwanza ni kamili. La pili ni la hali mbaya: hakuna skrini kubwa, hakuna mabango marefu, maandamano mafupi, muziki wa vyombo vinavyobebwa mkononi. La tatu ni kufuta, pamoja na maneno ya tangazo yaliyokwisha andikwa, na mpango wa nini kitafanyika na lini badala yake. Kila toleo liwe na saa ya mwisho ya kuamua. Fundi aliyesimika jukwaa akupe kwa maandishi kasi ya upepo ambayo juu yake paa linashushwa na watu wanaondolewa, na kipimo cha upepo kifungwe juu ya jukwaa lenyewe, kwa sababu utabiri wa redioni ni wa mkoa mzima. Usidhani kitu kikubwa ni imara kwa kuwa ni kikubwa au kwa kuwa ni sanaa: Mons, Ubelgiji, walikuwa na kazi kubwa ya mbao ya msanii Arne Quinze katikati ya mji, na sehemu yake ikaporomoka Desemba 24, 2014, mwezi mmoja kabla ya ufunguzi wa mwaka wao. Mhandisi asiyelipwa na aliyejenga ndiye atie sahihi.

Nani anaamua? Mtu mmoja. Jina lake lijulikane na kila mwenye redio ya mawasiliano. Awe kwenye chumba cha uratibu, pamoja na polisi, zimamoto, huduma ya kwanza na mwakilishi wa jukwaa, akitazama kamera za milango na asitazame onyesho. Akisema "simama", muziki unasimama, hata kama mgeni rasmi amenyanyua mkono kupunga. Mshereheshaji apewe mapema kikaratasi chenye sentensi tatu za kusoma siku hiyo ikitokea, na jukwaa libaki na umeme wake wa akiba kwa vipaza sauti na taa, ili sauti hiyo isikike. Umati ulioachwa gizani bila maelezo ndio unaokimbia. Fanyeni zoezi lake mezani mara mbili: mtoto amepotea, jenereta imezimika, geti la kaskazini limejaa. Zoezi la kwanza litakuwa aibu, kama yote ya kwanza.

Wazungumzaji tisa. Hapa pole sana. Miaka kadhaa nyuma, kwenye ufunguzi ambao mji wake siutaji, tuliweka kwaya ya watoto zaidi ya mia nyuma ya jukwaa, tayari kuimba baada ya mgeni rasmi. Mgeni alichelewa, kila aliyemtangulia akaongezewa dakika ili "kuziba pengo", na watoto wale walisimama kwenye baridi kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Wawili walizimia. Walipopanda, nusu ya uwanja ilikuwa imeshaondoka. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, kwa kuwa ratiba ilikubali kumsubiri mtu. Tangu hapo nina masharti mawili. Onyesho linaanza kwa saa na si kwa kuwasili kwa mtu. Anayechelewa anaingia wakati wa muziki na anakaa. Pili, hotuba zote kwa jumla ni dakika kumi na mbili, wagawane wanavyotaka. Ukiwaambia wenye orodha "mtu tisa, dakika kumi na mbili", wenyewe watapunguza hadi watatu. Waliobaki wape hafla ya mchana, ndani, yenye viti, picha na chai. Hiyo ndiyo wanayoihitaji hasa, nawe utakuwa umewaheshimu. Na mwombe mmoja wa watatu hao awe mkazi asiye na cheo.

Tarehe, kama bado mnaweza kuigusa, isiwe tu Jumamosi ya kwanza iliyo wazi. Nova Gorica ya Slovenia na Gorizia ya Italia, miji miwili iliyogawanywa na mpaka, walifungua mwaka wao wa pamoja Februari 8, 2025, ambayo Slovenia huadhimisha kama siku ya utamaduni, kumbukumbu ya kifo cha mshairi France Prešeren. Watu waliandamana kuvuka mpaka kwa miguu. Tarehe ilishafanya nusu ya maelezo.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa mafundi wako wanayajua: vyoo viwe vingi kuliko mnavyofikiri na visiwekwe kwenye njia za kutokea, maji ya kunywa ya bure, jukwaa la juu kwa wenye viti vya magurudumu, lenye njia yake na choo chake, mkalimani wa lugha ya alama aonekane kwenye skrini, usafiri wa mwisho ucheleweshwe kwa saa moja na nusu, jambo ambalo watu wa usafiri hawatakubali wiki ya mwisho, kwa hiyo waombe sasa. Vijana wa kujitolea wavae rangi moja inayoonekana gizani, na kila mmoja ajue vitu vitatu tu: choo kiko wapi, huduma ya kwanza iko wapi, na njia ya kutoka iliyo karibu naye.

Narudi kwenye sehemu ya pili ya swali la milango, wanaondoka na nini. Kwenye kila njia ya kutokea, si ya kuingilia, weka watu wenye ratiba ya wiki sita zijazo tu. Ya mwaka mzima ni kitabu, na kitabu hakisomwi njiani. Iwe karatasi moja, herufi kubwa, yenye shughuli iliyo karibu na mtaa wa mtu, nyingi zikiwa za bure. Vikundi vilivyoandamana viwe na tarehe zao humo, ili anayesema "wale wapiga ngoma walikuwa akina nani?" apate jibu kabla hajafika kituoni. Na wiki ya pili ya mwaka msiiache tupu mpumzike. Wekeni kitu kidogo kila siku, hata chumba chenye watu arobaini, kwa sababu wanaohamasika Jumamosi hutafuta cha kwenda kuona Jumatano.

Miezi kumi inatosha, ila si kwa kuanza na kila kitu. Miezi miwili ya kwanza: ramani, hesabu, vibali, bima, na jina la yule mmoja mwenye uamuzi. Vikundi na msanii waingie mwezi wa tatu, mkijua tayari nafasi iliyopo na saa iliyopo. Wiki hii fanya hivi: nenda uwanjani saa ileile mtakayofungia sherehe, ukiwa na futi kamba, ofisa wa zimamoto, na mtu mmoja anayetembelea kiti cha magurudumu. Pimeni kila njia kwa upana wake halisi, pale penye nguzo, penye meza ya mchuuzi, penye bomba lililovunja lami. Andika namba hizo kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, na uipeleke ramani hiyo kwenye kikao kijacho kabla mtu hajataja jina la msanii.